Dorine Mokha: mtoto wa Lubumbashi aliyekataa kutuchekesha



Zamu ya kuandika imeniangukia mimi, na najua wengine mtauliza: mtu wa agronomia, mtu wa mihogo na mbolea, anatafuta nini kwenye mambo ya tiyatri? Bon, nianze na mihogo basi, juu ndiko hadithi hii ilianzia.

Wakati wa staji yetu, kikundi chetu cha wanafunzi kilitumwa kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa, kaskazini ya Baraka, kuwafundisha wakulima juu ya ugonjwa wa mozaiki ya muhogo. Mnajua namna unavyokula mashamba yetu: majani yanajikunja, yanapata madoa ya manjano, na mzizi unabaki mdogo kama kidole. Ukisimama mbele ya wakulima na kusoma karatasi, wanalala. Kwa hiyo tulitengeneza mchezo. Baba mmoja mkaidi anachukua miti ya mbegu kwenye shamba lenye ugonjwa, mama anamkataza, wanagombana mbele ya jirani. Wasichana wa kikundi waliona haya kucheza mbele ya watu wasiowajua. Rafiki yangu mmoja wa promosyo akafunga kitenge, akaweka kilemba, akawa mama.

Jamani, alicheza! Mama wa kweli walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Wazee walipiga makofi. Kijiji kizima kilikumbuka somo la miti ya mbegu kwa ajili yake. Tulirudia mchezo ule vijiji vingi.

Kisha maneno yakaanza. Kwanza kama mzaha: "Uyu anacheza vizuri sana, labda njo vile iko." Halafu mzaha ukaacha kuwa mzaha. Chuoni walimpa jina ambalo sitaliandika hapa. Aliacha tiyatri. Mwaka uliofuata aliacha masomo, akapanda boti, na hajarudi. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliocheka kijijini, na nilikuwa mmoja wa wale walionyamaza chuoni. Sikumtukana hata siku moja. Lakini sikusema kitu pia.

Nilipokuja kusoma juu ya Dorine Mokha, nilikuwa natafuta, nadhani, namna ya kuelewa siku zile. Nataka niwaeleze mtu huyu alikuwa nani, alitoka wapi, na kwa nini historia yake inatuhusu sisi wa Fizi.

Tiyatri si kitu cha wazungu

Wapo wanaofikiri kwamba tiyatri ililetwa na mapadri na walimu wa shule. Kweli, jukwaa lenye pazia lililetwa. Lakini mtu kuchukua sura ya mtu mwingine mbele ya watu ili wajifunze, hiyo ilikuwa kwetu zamani.

Babembe na Warega tuna Bwami. Waliosoma vitabu vya Daniel Biebuyck, yule mtaalamu wa Ubelgiji, wanajua namna alivyoeleza mafundisho ya Bwami ya Warega: methali, ngoma, vitu vya kuonyesha, na mkufunzi anayecheza tabia ya mtu mbaya, mchoyo au mgomvi, ili wanaoingia waone ubaya kwa macho yao. Hakuna aliyesema kwamba mkufunzi ni mchoyo kwa vile amecheza mchoyo. Watu walielewa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku, na hiyo peke yake inaonyesha kwamba mkubwa anajua nguvu ya mchezo.

Upande wa Katanga kulikuwa na mambo mengine. Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, juu ya shaba. Wafanyakazi walitoka pande zote, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, si Kiswahili cha Zanzibar, ila kile cha kambi za wafanyakazi na migodi. Katika Kiswahili hicho ndimo lilizaliwa kundi la Mufwankolo, ambalo lilichekesha watu wa Lubumbashi miaka na miaka, kwenye redio na kwenye televisheni. Mwaka 1986 kundi hilo lilitengeneza mchezo juu ya maneno "le pouvoir se mange entier", yaani utawala unaliwa mzima, haugawanywi. Fikirieni: wakati wa Mobutu! Johannes Fabian, mtaalamu aliyekuwa pamoja nao, aliandika kitabu kizima juu ya kazi ile, kilichotoka mwaka 1990.

Na hapa kwetu leo? Mmeona wenyewe tiyatri shirikishi ya mashirika kama Search for Common Ground. Wachezaji wanakuja sokoni, wanacheza ugomvi wa shamba kati ya aliyebaki na aliyerudi kutoka kambi ya Tanzania, halafu wanasimama katikati na kuuliza watazamaji: sasa tufanye nini? Mambo ambayo yangeleta panga nyumbani, sokoni yanaleta mazungumzo.

Kwa hiyo tuna desturi ndefu. Jukwaa ndiyo mahali tulipokubaliana kusikia neno ambalo tungekataa kulisikia kwenye baraza. Ila mkataba huo una kifungu kimoja kisichoandikwa: mchezaji atuchekeshe, na mwishoni avue kitenge, arudi kuwa yule tunayemjua. Dorine Mokha hakukubali kifungu hicho.

Mtoto wa 1989

Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1989. Wale waliosoma historia wanajua miaka iliyofuata ilikuwa namna gani. Mwezi wa tano 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku ndani ya chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwezi wa tisa mwaka huohuo sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Gécamines, kampuni ambayo ilikuwa baba na mama wa mji, ilianguka: katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kufika 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mji uliokuwa umezoea king'ora cha kazi, mshahara, hospitali na gunia la unga wa kila mwezi, ulibaki mikono mitupu. Baadaye ikaja vita ya 1996, ambayo sisi wa Fizi hatuhitaji mtu kutusimulia.

Mokha alikua ndani ya mji huo. Aliingia Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akasoma sheria. Wazazi wengi wa Kongo wangefurahi: mtoto atakuwa avoka, atavaa kanzu nyeusi. Yeye akachagua densi, uandishi na jukwaa. Alikuwa mchezaji, mwandishi wa maneno aliyoyasema mwenyewe jukwaani, na mtunzi wa densi. Kwetu tunapenda kutenganisha: huyu mwanamuziki, huyu mwigizaji, huyu mwandishi. Kazi yake ilichanganya vyote, kama vile Bwami ilivyochanganya ngoma na methali.

Lubumbashi yenyewe ilikuwa inaamka wakati ule. Kundi la wasanii wa Picha lilianzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, na mji ukaanza kupokea wasanii wa kutoka nje na kuwaonyesha wa kwake. Mokha alianzisha kundi lake, Art'gument Project. Angalieni jina: sanaa na hoja ndani ya neno moja. Nafikiri mtu wa sheria hakutoka kabisa ndani yake.

Mlango mwingine ulikuwa Kisangani. Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, alianza na tiyatri, akapita Nairobi ambako mwaka 1997 alikuwa kati ya waanzilishi wa kundi la densi la Gàara, kisha akarudi nchini na kuanzisha Studios Kabako, Kinshasa kwanza mwaka 2001, halafu Kisangani tangu 2006. Nyumba hiyo ilifanya kitu kinachokosekana kwetu: ilimpa msanii kijana muda, mahali pa kufanyia mazoezi, na watu wa kumsindikiza mpaka kazi imalizike. Mokha alikuwa mmoja wa waliosindikizwa hivyo. Sisi wa kilimo tunaelewa: mbegu nzuri bila kitalu, unaitupa.

"Entre deux": kati ya viwili

Kazi iliyomfanya ajulikane ni mfululizo alioupa jina "Entre deux", maana yake "kati ya viwili". Sehemu moja iliitwa "Testament", nyingine "Lettre à Guz", barua kwa Guz. Ni kazi ambazo ndani yake alijisimulia mwenyewe, kwa maneno na kwa mwili.

Mokha alikuwa mwanaume anayependa wanaume wenzake, na hakuificha ndani ya kazi yake. Hakuvaa sura ya mtu mwingine ili aseme jambo hilo. Alisimama, akasema: mimi.

Hapo ndipo kifungu cha mkataba kilivunjika. Mwanaume akivaa kitenge na kutembea kama mama, tunacheka, na kicheko kinatulinda. Tunajua kwamba baada ya saa moja atavaa suruali na kunywa primusi pamoja nasi. Tumeona hivyo kwenye michezo ya Kinshasa, tumeona kwenye sherehe za shule. Lakini mtu akisimama na mwili ule ule, bila mzaha, na kusema kwamba ndivyo anavyoishi, sale nzima inanyamaza. Hakuna tena pa kujificha, wala kwake wala kwetu.

Nataka niseme kitu kidogo juu ya lugha. Kifaransa kinakulazimisha kuchagua mapema: il au elle. Kabla hujasema mtu amefanya nini, lazima useme ni mume au mke. Kiswahili chetu hakiulizi. "Yeye amekuja." Basi. Umejua kwamba mtu amekuja, na hiyo inatosha kwa kuanza. Mara nyingi tunasema kwamba mambo haya ya "kati ya viwili" ni ya kuazima, si ya lugha yetu. Kumbe lugha yetu ina neno ambalo mtu kama Dorine angeweza kukaa ndani yake bila kusukumwa huku wala kule. Ni sisi tunaosukuma.

Jina lenyewe, Dorine, wengi wanalisikia kama la mwanamke. Waliosoma sekondari kwa Kifaransa huenda wanakumbuka Dorine wa Molière, yule mfanyakazi wa nyumbani katika "Tartuffe" anayemwambia mnafiki ukweli mbele ya wakubwa wote. Bahati ya majina!

Sheria inasema nini, watu wanasema nini

Juu yeye alisoma sheria, tuangalie na sheria.

Katika RDC hakuna kifungu cha sheria kinachotaja moja kwa moja na kuadhibu uhusiano wa watu wazima wa jinsia moja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inasema kila mtu ana haki ya kuoana na mtu anayemchagua, wa jinsia tofauti. Ndoa imefungwa hapo. Halafu kuna kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu juu ya kuvunja heshima hadharani, ambacho ni kipana kama wavu wa ndagala: askari akitaka kukamata, hakosi samaki. Mwaka 2013 mbunge mmoja alileta pendekezo la sheria ya kuadhibu, lakini halikuwa sheria.

Kwa majirani zetu ni tofauti. Burundi, ambayo tunaiona ng'ambo ya ziwa, iliingiza adhabu katika kanuni yake mwaka 2009. Tanzania inaweza kufunga mtu maisha. Kenya ina kifungo mpaka miaka 14. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria ambayo kwa makosa fulani inafika mpaka adhabu ya kifo.

Na Uganda ndiko tunaona kinachotokea tiyatri inapogusa jambo hili chini ya serikali yenye hasira. Mwezi wa nane 2012, mjini Kampala, wachezaji wa Uganda walionyesha mchezo "The River and the Mountain", ulioandikwa na Mwingereza Beau Hopkins. Ni hadithi ya Samson, mfanyabiashara ambaye watu wake wanagundua kwamba anapenda wanaume, na mama yake anahangaika kumtafutia dawa kwa mchungaji na kwa mganga, mpaka mwisho wafanyakazi wake mwenyewe wanamuua. Samson alichezwa na Mganda, Okuyo Joel Atiku Prynce. Baraza la vyombo vya habari lilikuwa limeagiza mchezo usionyeshwe kwanza. Mtayarishaji, Mwingereza David Cecil, alikamatwa mwezi wa tisa. Mwezi wa kwanza 2013 kesi ilifutwa. Mwezi wa pili alifukuzwa nchini.

Linganisha. Kampala, mchezo ulikuwa wa kubuni, na bado mtu alilala gerezani. Kongo, Mokha alisema habari zake mwenyewe, na hakukuwa na kifungu cha kumfunga kwa ajili hiyo. Je, tujisifu? Hapana, tuende polepole. Yule rafiki yangu wa promosyo hakufukuzwa na sheria yoyote. Hakuna askari aliyemwita. Alifukuzwa na jina la utani, na kimya cha watu kama mimi. Pale ambapo sheria haikusema, sisi tunasema kwa niaba yake.

Kutoka "mimi" mpaka udongo

Ingekuwa rahisi kwa Mokha kubaki hapo. Kuna watu Ulaya ambao wangempokea kila mwaka kama Mwafrika anayekuja kusimulia mateso yake, na kumpigia makofi, na kulala vizuri. Mwaka 2019 alifanya kitu kingine.

Pamoja na Elia Rediger, mwanamuziki na msanii wa Uswisi, alitengeneza "Hercules de Lubumbashi". Waliuita oratorio ya migodi: kazi ya muziki, maneno na jukwaa, na wanamuziki wa Kongo na wa Ulaya pamoja. Hercules, kwa wale ambao hawakusoma hadithi za Wagiriki, ni yule mwenye nguvu aliyepewa kazi ngumu kumi na mbili. Mojawapo ilikuwa kusafisha zizi la mfalme lililojaa mavi ya ng'ombe ya miaka mingi. Sasa mweke mtu huyo Katanga, mbele ya mashimo, vumbi na maji ya migodi, umwambie: safisha.

Hapo mimi kama mtu wa udongo nilisimama. Sisi tumejifunza kwamba shamba likishaingia madini mazito, huwezi kulitengeneza kwa samadi ya msimu mmoja. Shaba na kobalti zinabaki kwenye udongo, zinapanda kwenye mboga, zinashuka kwenye mto. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ile inayoingia ndani ya betri za simu mnazotumia kusoma maneno haya. Uswisi haina mgodi wa kobalti. Lakini Glencore, mwenye migodi mikubwa upande wa Kolwezi, ana makao yake makuu Baar, mji mdogo wa Uswisi. Kwa hiyo Mkongo mmoja na Mswisi mmoja kusimama jukwaa moja na kuimba juu ya migodi haikuwa urafiki mtupu wa wasanii. Ilikuwa kama kuwakutanisha wenye shamba mbele ya mzee wa kijiji: wewe umechukua nini, wewe umebaki na nini, tuhesabu.

Kutokana na ushirikiano ule lilikuja kundi la GROUP50:50, la wasanii wa Kongo, Uswisi na Ujerumani. Jina linasema mpango: nusu kwa nusu. Sijaona mikataba mingi ya nusu kwa nusu katika historia ya nchi hii, tangu siku za Leopold mpaka leo. Kuiweka kwenye jina la kundi ilikuwa tayari hoja.

Kwangu mimi ndipo ukubwa wa kazi yake unaonekana. Alianza na mwili wake, akasema: huu ni wangu, nisikilizeni. Kisha akachukua haki hiyo hiyo ya kusikilizwa, akaipeleka kwa mji wake: hii ardhi ni yetu, tusikilizeni. Watu wanaosema kwamba mtu kama yeye hawezi kuwasemea Wakongo wangeangalia nani alikuwa anasema juu ya udongo wa Katanga wakati wao walikuwa wanasema juu ya nguo zake.

Januari 2021

Alikufa mwanzoni mwa Januari 2021. Alikuwa na miaka 31. Dunia nzima ilikuwa inazungumza Covid wakati ule. Yeye alichukuliwa na malaria.

Niliposoma hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Malaria! Ugonjwa wa kila nyumba ya Baraka, ugonjwa wa mtoto wa jirani, ugonjwa ambao sisi tunauita "homa tu" mpaka siku unamaliza. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa uzito wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mtu aliyeitwa wa ajabu, wa kuiga, wa kutoka nje, alikufa kifo cha Kikongo kabisa, kifo cha mkulima wa Mutambala na mvuvi wa Ubwari. Mbu hakumuuliza anapenda nani.

Wenzake hawakuacha kazi. Mwaka 2022 GROUP50:50 ilitoa "The Ghosts Are Returning", mizimu inarudi. Ni juu ya mifupa ya watu saba wa Mbuti, iliyochukuliwa na daktari wa Uswisi, Boris Adé, upande wa Wamba katika miaka ya 1950, ikapelekwa Geneva na kubaki chuo kikuu huko. Wasanii walikwenda Wamba kuuliza wenyewe: hawa ni wenu, mnataka tufanye nini nao? Mokha hakuwa tena hai kusimama jukwaani. Lakini swali ni lile lile lake: mwili wa mtu ni wa nani, na nani ana haki ya kuusemea.

Mcheza kwao hutunzwa

Methali hiyo tuliisoma wote shuleni. Mcheza kwao hutunzwa: anayecheza nyumbani kwake ndiye anayepewa zawadi. Mokha alicheza Ulaya na alipigiwa makofi. Lakini alibaki mtu wa Lubumbashi, mwenye kundi Lubumbashi, akitunga juu ya Lubumbashi. Tulimtunza? Wangapi kati yetu, wenye lisansi, tunaojua majina ya wachezaji wote wa Mazembe, tulikuwa tumesikia jina lake kabla hajafa? Mimi sikuwa nimesikia.

Najua wengi kati yenu ni watu wa dini, na mimi pia naenda kusali. Sikuandika ili mtu abadilishe anachoamini kuhusu ndoa au kuhusu Maandiko. Mambo hayo kila mmoja atayabeba mbele ya Mungu wake. Nilichoandika ni historia: kulikuwa na mtu, alizaliwa katika mji wa Kiswahili kama wa kwetu, alisoma chuo kama sisi, alifanya kazi kubwa kwa nchi, na alikuwa vile alivyokuwa. Ukitoa kitu kimoja hapo, historia inakuwa ya uongo. Huwezi kuchukua oratorio ya migodi na kumwacha mtu aliyeiandika mlangoni.

Nirudi kwa rafiki yangu. Mwaka jana nilipita tena kwenye kijiji kimoja tulichochezea. Mama mmoja alinitambua. Alinionyesha shamba lake: mihogo safi, majani mapana, bila doa. Akasema bado anachagua miti ya mbegu kama alivyofundishwa. Halafu akaniuliza:

"Na ule mama wenu wa kilemba, iko wapi? Mumwambie arudi kutuchekesha."

Nilimjibu kwamba amesafiri. Nilikuwa na haya kumwambia sababu. Njiani, juu ya moto, nilikuwa nafikiri kwamba mama yule, asiyesoma hata darasa moja, ndiye pekee aliyeuliza habari zake. Sisi wenye diplomu hatukuuliza.

Rafiki, kama unasoma huko uliko, shamba lilishika. Na mimi naomba msamaha.

Ninyi wengine, niambieni hapa chini: kwenye promosyo yenu, kwenye kwaya yenu, kwenye kikundi chenu cha tiyatri, nani aliondoka na hakuna aliyeuliza? Msitaje jina. Mumtafute tu, mumsalimie.